Naomba ushauri: nimwokoeje Zuhura bila kuonekana natapatapa?

Wakuu, naandika hadithi ya mfululizo na nimekwama sura ya mwisho. Zuhura kafungwa kamba ndani ya ngalawa inayovuja, maji yamefika kifuani. Nikamleta mvuvi, akatokea gizani na kukata kamba. Mdogo wangu kasoma, kacheka: "Huyu naye katokea wapi?" Kweli, sikuwahi kumtaja popote.

Najua ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 431 KK Euripides, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, alimtorosha mhusika wake Medea kwa gari la mungu Jua, na baadaye mwanafalsafa Aristotle akalalamika kuwa ufumbuzi utoke ndani ya kisa chenyewe, si kwenye mtambo wa jukwaani (ule wa kuwaleta miungu ghafla). Ila kwenye vibanda vya video watu bado wanashangilia shujaa akifika sekunde ya mwisho!

Ningempandikiza mvuvi sura ya pili, lakini sura 11 nimeshazisambaza. Nilichobaki nacho ni kwamba sura ya tatu Zuhura alikuwa akiokota chaza. Je, ajikate kamba mwenyewe kwa gamba? Napenda hivyo, tatizo mikono nimeifunga nyuma (kiherehere changu). Au nimwache azame? Waliowahi kukwama hapa, mlitokaje?