Naomba ushauri: kofia ya joho la Obi-Wan inavuta shingo nyuma

Wakuu, salaam. Nashona joho la kahawia la Obi-Wan Kenobi, lile alilovaa mwigizaji Alec Guinness katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Kitambaa ni sufu, mita 5 kwa upana wa sm 150, kilichofuliwa na kupigwa pasi ya mvuke kabla ya kukatwa. Sufu isiyofuliwa husinyaa baadaye, mikono ikawa mifupi.

Mwili na mikono vimekaa vizuri. Shida ni kofia. Ina vipande viwili, kimo sm 42, kina sm 34, imeshonwa moja kwa moja kwenye shingo. Ikiwa kichwani, inapendeza mno. Ikishushwa mgongoni, uzito wake unavuta joho zima: mshono wa bega unarudi nyuma karibu sm 4, na mbele shingo inakaba koo. Joho la majaribio la amerikani halikuonyesha hili kwa kuwa ni jepesi.

Nafikiria kutia utepe wa pamba usionyumbuka kwenye mshono wa shingo, lakini huo unazuia shingo kutanuka tu, uzito unabaki palepale. Kusogeza mshono wa bega kunamaanisha kufumua mikono yote miwili. Je, kuna aliyeshikiza joho kwenye kanzu ya ndani kwa vifungo vya kubana mabegani? Sufu haikuchanika pale? Kifungo kiwe cha ukubwa gani, na nyuma yake mlitia kitambaa gani cha kukazia?

Pindo bado sijakunja. Joho linaning'inia kwanza saa 48, maana sehemu zilizokatwa kwa ulalo hushuka zaidi.