Mofini hukaa mwilini kwa muda gani ikiwa figo ni dhaifu?

BintiMkubwa

Salaam kwenu nyote. Mama yangu ana umri wa miaka 78 na figo zake zimedhoofika. Alikuwa akinywa mofini ya maji kwa ajili ya maumivu ya mifupa, na jana asubuhi daktari aliisimamisha kwa kuwa alikuwa akisinzia kupita kiasi. Nimesoma kwamba mofini huisha mwilini baada ya saa chache, lakini hadi leo jioni bado anapitiwa na usingizi katikati ya mazungumzo, na mikono yake hushtukashtuka akiwa amelala. Naomba kufahamishwa: dawa hii hukaa mwilini kwa muda gani hasa, na dalili zipi zinapaswa kunitia hofu?

MfamasiaMstaafu

Pole sana, dada, na mama mpe pole. Nianze na lililo la haraka. Mama akiwa amelala, kaa karibu naye, tazama kifua kinavyopanda na kushuka, na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, au akikoroma kama mtu anayekwama pumzi, au midomo ikibadilika rangi, au akiitwa na kutikiswa asiamke, mpelekeni hospitali papo hapo bila kungoja jibu la mtu yeyote humu. Hata pasipo dalili hizo, huko kushtuka kwa mikono ni habari ambayo daktari wake anapaswa kuipata leo hii.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Ulichosoma si uongo, ila kinahusu mtu mwenye figo nzima. Kwa mtu huyo, kiasi cha mofini kilichomo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hadi 3 hivi, na nusu hiyo ikijirudia mara tano, hubaki takribani asilimia 3 tu. Ndiyo maana wengi husema kwamba siku moja inatosha. Lakini ini haliiharibu mofini kabisa, bali huigeuza kuwa viini vingine, na kimojawapo, mofini-6-glukuronidi, kina nguvu ya kutuliza maumivu na kuleta usingizi kama mofini yenyewe, ilhali kingine, mofini-3-glukuronidi, huhusishwa na kuchanganyikiwa na kushtuka kwa misuli. Vyote viwili hutoka kwa njia ya mkojo. Figo zikishindwa kuvitoa, hujilimbikiza dozi baada ya dozi, na hata mofini yenyewe ikiwa imekwisha katika damu, mgonjwa huweza kubaki na usingizi kwa siku kadhaa.

Muuguzi_Zamu

Naunga mkono, na ninaongeza mawili. Kwanza, hakikisha kwamba hakuwa akipewa pia vidonge vya mofini vinavyoachia dawa polepole kwa saa 12, kwa sababu hivyo huendelea kuingiza dawa mwilini muda mrefu baada ya kumezwa. Pili, hospitali wakimchoma nalokisoni, dawa inayozuia nguvu ya mofini, mtamwona akizinduka ndani ya dakika chache, na hapo ndipo jamaa wengi huomba kurudi nyumbani. Msikubali. Nalokisoni huisha nguvu mapema, mara nyingi kati ya dakika 30 na 90, huku vile viini vikiwa bado vimo, na mgonjwa anaweza kuzama tena usingizini.

Wala msihangaike na kipimo cha mkojo. Mofini huweza kuonekana humo kwa siku 2 au 3 hata kwa mtu mzima wa afya, na kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu ukali wa usingizi.

BintiMkubwa

Asanteni sana. Nimehesabu pumzi 14, anaamka nikimwita na amekunywa maji. Daktari amepigiwa simu na ameagiza tumpeleke leo usiku akapimwe damu. Swali langu la mwisho: maumivu yakirudi, naweza kumpa kiasi kidogo kutoka kwenye chupa iliyobaki?

MfamasiaMstaafu

Hapana, dada, hata kijiko kimoja. Dozi mpya itajumlishwa na kile ambacho bado hakijatoka, na akikaa siku kadhaa bila dawa, mwili huanza kupoteza uzoefu wake, kiasi kwamba dozi aliyoizoea zamani yaweza kumzidi. Ibebeni chupa hiyo pamoja na dawa zake zote, hasa za usingizi na za mzio, kwa maana nazo huongeza kusinzia. Kodeini na tramadoli, dawa nyingine za maumivu, kama mnazo nyumbani, zisiguswe pia, kwani nazo hutegemea figo. Daktari huenda akachagua fentanili, dawa nyingine kali ya maumivu, ambayo haitegemei sana figo ili itoke mwilini. Ikiwa ni ile ya plasta ya kubandika, jueni kwamba hata ikibanduliwa, dawa iliyokwisha kuingia kwenye ngozi huendelea kupenya, na huchukua saa 17 au zaidi kwa kiasi cha damuni kupungua kwa nusu.