Sheria za China zinazowashangaza wageni

Swali: Ndugu wanajamvi, je, ni kweli kwamba China ina sheria inayowataka watu wazima kuwatembelea wazazi wao wazee, na kwa nini wageni huicheka?

Jibu la kwanza: Ni kweli. Sheria ya kulinda haki za wazee, iliyoanza kutumika baada ya marekebisho tarehe 1 Julai 2013, inawataka wanafamilia wanaoishi mbali kuwatembelea wazee au kuwajulia hali mara kwa mara, ingawa haikutaja ni mara ngapi. Wageni huona serikali imeingilia mambo ya nyumbani. Mimi naona chanzo chake ni vijana kuhamia mijini kutafuta kazi, huku wazazi, wengi wao wenye mtoto mmoja tu, wakibaki peke yao.

Jibu la pili: Mzee mwenzangu, mbona hujaitaja kanuni ya 2007, inayotaka kuzaliwa upya kwa lama wa Tibet (viongozi wa dini ya Kibuddha wanaoaminika kurudi duniani kama watoto baada ya kufa) kuidhinishwe na serikali? Wageni huidhani mzaha (nani atamkagua marehemu?), kumbe suala zito ni nani atakayemtambua Dalai Lama ajaye, yaani kiongozi mkuu wa kiroho wa Watibeti.

Jibu la tatu: Kwa anayesafiri, muhimu zaidi ni kwamba mgeni asiyelala hotelini hutakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24.