Kikundi cha ukoo: theluji bustanini kwa Neema

Neema (Devon, Uingereza): Shikamooni wakubwa. Huku kumekucha kweupe kabisa. Nimepima kwa rula, theluji ni sentimita 12, na pwani hii ya Devon huwa haiipati mara kwa mara, hata majirani wamebaki kushangaa dirishani. Bustani nianzie wapi?

Shangazi Tumaini (Exeter): Marahaba mama. Mboga ziache kwanza. Anza na vilivyosimama: mikamelia (vile vichaka vya maua), ua wa miti, neti ya juu ya kabichi. Hapo adui ni uzito. Theluji kavu ya sentimita 10 kwenye mita moja ya mraba ni kama kilo 10 hivi. Ikianza kulowa mchana inaweza kufika 30. Tawi linapasuka penye panda, na likishapasuka hapo hakuna dawa.

Shangazi Tumaini: Chukua ufagio wa mpini mrefu. Weka chini ya tawi, inua taratibu, theluji itateleza yenyewe. Anza na matawi ya chini ndipo upande. Ukianza juu, mzigo wote unayaangukia ya chini ambayo tayari yamelemewa.

Neema: Mengine yameganda na barafu, hayatikisiki.

Shangazi Tumaini: Hayo usiyaguse. Tawi lililoganda linakatika kama tambi mbichi. Liache liyeyuke lenyewe. Na asikudanganye mtu umwagie maji ya moto.

Baba Mdogo (Makete): Kamwene wote. Dada, hapo mnanichanganya. Huku sakitu, ule umande ulioganda, ikishuka usiku mmoja tu, asubuhi viazi vyeusi kama vimetokoswa. Sasa hiyo ya sentimita 12 si imeshamaliza kila kitu?

Shangazi Tumaini: Hapana kaka, theluji ni blanketi. Imejaa hewa katikati. Nje hata ikifika nyuzi -8, udongo ulio chini ya theluji nene hubaki karibu na sifuri. Kwa hiyo Neema, usikwangue matuta! Vitunguu saumu na vitunguu vya liki viko salama humo kuliko vikiwa wazi.

Baba Mdogo: Aaa. Basi sakitu inaua kwa sababu inaukuta mmea uchi. Anga jeupe bila mawingu, upepo hakuna, joto la ardhi linapaa lote usiku. Halafu hewa baridi ni nzito, inatelemka bondeni kama maji. Ndiyo maana vinyungu, bustani zetu za bondeni, vinaungua na shamba la juu kwenye mteremko linabaki kijani.

Baba Mdogo: Neema, ukitaka kujua usiku utakuwaje, tazama mawingu saa 12 jioni. Yakiwepo, lala. Yakiondoka na upepo ukatulia, funika.

Shemeji Njeri (Nyahururu): Hamjambo mashemeji. Huku kwetu Busara, Septemba 2008, mlima uligeuka mweupe watu wakasema ni theluji. Watu wa hali ya hewa wakasema ni mvua ya mawe iliyoshikana. Msichanganye hizo mbili. Mawe yanachana majani, na ugonjwa unaingilia kwenye vidonda hivyo. Theluji inashuka pole, jani linabaki zima.

Neema: Asanteni. Utabiri wa leo usiku ni anga wazi, nyuzi -5. Kuna kitalu nyumba cha vioo, kuna bomba la nje, kuna bwawa la samaki.

Shangazi Tumaini: Kitalu nyumba: ondoa theluji paani kwa ufagio laini, huku kidogo na kule kidogo. Ukimaliza upande mmoja wote, fremu inavutwa na vioo vinapasuka. Miche ya nyanya ihamishe iwe mbali na kioo, ifunike kitambaa chepesi cheupe, kisiguse majani. Nailoni ikigusa jani, hapo hapo panaungua.

Shangazi Tumaini: Bomba: funga koki ya ndani, kisha fungua ya nje maji yatoke yote, uiache wazi. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, bomba halina pa kuyaweka. Likiwa limeshaganda, lifunge vitambaa vya moto kuanzia mdomoni kurudi nyuma, ili kinachoyeyuka kipate njia.

Shangazi Tumaini: Bwawa: weka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu, iachwe mpaka itoboe tundu. Usipige kwa nyundo, mshindo unawaumiza samaki.

Neema: Na njia ya kwenda bandani? Nimwage chumvi?

Shangazi Tumaini: Kando kuna vitanda vya maua, siyo? Basi mwaga mchanga. Chumvi ikiyeyuka inaingia udongoni na mizizi inashindwa kunywa maji. Na ukoka usiukanyage ukiwa umeganda, nyayo zako utaziona za kahawia mpaka majani mapya yaote.

Neema: Kamelia moja iko ukutani, inapigwa na jua la asubuhi. Vichipukizi vya maua vimeganda.

Shangazi Tumaini: Hiyo itie kivuli kabla jua halijatoka, hata kwa shuka kuukuu. Kuganda ni nusu ya shida. Kuyeyuka haraka ndiko kunakopasua.

Baba Mdogo: Hilo nalo liko huku. Viazi vya upande wa mashariki huwa vibaya zaidi. Na viazi vikishaungua, mtu asiving'oe siku hiyo hiyo. Subiri siku chache, shina likiwa bichi chini linachipua. Kama viazi vimeshakomaa, kata majani na uviache viazi udongoni wiki 2 ngozi ikomae.

Shangazi Tumaini: Sawa kabisa. Neema, ncha zilizogeuka nyeusi usizipogoe sasa, zinakinga zilizo chini yake. Subiri katikati ya Mei.

Neema: Sawa shangazi. Swali la mwisho. Watoto wa jirani wamejenga mtu wa theluji juu ya tuta la saumu.

Shangazi Tumaini: Jamani! Theluji iliyoshindiliwa haina hewa tena, hilo siyo blanketi, ni bamba la barafu, na litakaa hapo siku nyingi baada ya nyingine kuyeyuka. Wamhamishie kwenye kokoto.

Neema: Wanauliza kama karoti ya pua wanaweza kubaki nayo.

Shangazi Tumaini: Ni ya kwenye tuta gani hiyo karoti?