Naomba ushauri: Mimi ni mmisionari, ninajiona mgeni kazini na mgeni nyumbani

Mpanzi (mleta mada)
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni dada niliyetumwa na kanisa letu kuhudumu katika nchi isiyo yangu. Lugha ya wenyeji ninaisema vizuri na wito wangu siujutii. Kinachonisumbua ni kwamba huku bado naitwa mgeni: nikiketi nyuma ibadani nainuliwa na kupelekwa kiti cha mbele, na maongezi ya akina mama yaliyokuwa yamenoga hugeuka ya heshima mara ninaposogea. Nilipokwenda likizo nilikuta kwaya inaimba nyimbo nisizozijua, na kila aliyenisalimu aliuliza habari za kazi, si habari zangu. Je, mmisionari anaweza kuwa na mahali pa kupaita kwake? Naombeni ushauri, hasa kwenu mliopitia hali hii.

Mtumishi Mstaafu
Pole sana, binti yangu, wala usidhani hiyo ni dalili ya imani haba. Wengi watakuelekeza Wafilipi 3:20, kwamba wenyeji wetu, yaani uraia wetu, uko mbinguni, na ni kweli tupu; lakini mtume aliyeyaandika hayo aliwahitaji watu. Soma Warumi 16 taratibu. Paulo anawataja kwa majina watu zaidi ya 20, na katika mstari wa 13 anamsalimu mama yake Rufo, ambaye anasema ni mama yake pia. Hatuambiwi mama huyo alimtendea nini, ila nionavyo mimi, mtu huitwa mama kwa sababu amekutunza, si kwa sababu amesikiliza mahubiri yako. Sisi tuliotumwa tumezoea kutoa, na anayetoa siku zote hubaki juu ya wenzake hata asipotaka. Mtafute mama mmoja mtu mzima, umwombe akufundishe usilolijua, umweleze unapougua, umruhusu hata akukemee. Wakishakuuguza, hawatakuwa na haja ya kukupeleka mbele.

Mpanzi
Asante, baba. Hofu yangu ni kwamba misaada ya shirika inapitia mikononi mwangu, na nikiwa karibu na familia moja wengine wataona ni upendeleo.

Dada Tumaini
Hofu hiyo ina msingi, na kwa maoni yangu ndiyo inayokutenga kuliko kiti cha mbele. Zungumza na waliokutuma ili ugawaji wa misaada uwe chini ya kamati ya wenyeji, nawe usiwe na kauli ya mwisho, kwa kuwa ni vigumu mtu kumtania anayeshika orodha ya majina. Ujue pia kwamba ukaribu una gharama yake. Hudson Taylor, mmisionari Mwingereza, alifika China mwaka 1854, na mwaka uliofuata alipoanza kuvaa mavazi ya Kichina, baadhi ya Wazungu wenzake walimdharau. Usishangae wamisionari wenzako wakikuona umezidi.

Msafiri wa Injili
Naomba niongezee kuhusu nyumbani, kwani hapo ndipo nilipoumia zaidi. Matendo 14:26-28 inaeleza kwamba Paulo na Barnaba walirudi Antiokia walikotoka, wakalikusanya kanisa na kutoa taarifa, kisha wakakaa na wanafunzi muda mrefu. Likizo zetu nyingi huishia kwenye taarifa: Jumapili hii kanisa hili, ijayo jingine, kisha safari. Omba wiki kadhaa zisizo na ziara, ukae na usharika wako kama muumini wa kawaida. Pia wachague watu watatu au wanne wa kuwaandikia mambo yako binafsi mwaka mzima, mbali na barua ya maombi inayokwenda kwa wote. Paulo alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na afike kabla ya majira ya baridi. Wewe una nani wa kumwagiza kitu kama hicho?

Mpanzi
Nimefikiri, na kwa sasa ni dada yangu wa tumbo moja tu. Nitamwandikia leo. Kuhusu kamati, nitamwona mchungaji kabla ya kikao kijacho.