Je, mtu anaweza kuishi Mombasa kwa furaha bila kuinunua?

Mkaazi wa Kisauni:

Assalam alaikum, ndugu na dada zangu.

Naomba mnisaidie kwa mawazo katika jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwisho wa mfungo. Nina umri wa miaka 43. Kwa muda mrefu nilikuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, mpaka mizigo mingi ilipoanza kupelekwa Nairobi kwa reli mpya mwaka 2018, kazi ikapungua kidogo kidogo, na mwaka jana nikaambiwa kwamba nafasi yangu haipo tena. Chakula, kodi ya nyumba na karo tunavimudu, kwa sababu mke wangu anashona, nami huandika hesabu za maduka mawili. Kwa hivyo siji hapa kulia njaa.

Kinachonisumbua ni kwamba kila nilichokiita raha nilikuwa nikikinunua. Jumamosi ilikuwa ni kuwapeleka watoto madukani Nyali, Jumapili ni kula nje, na jioni ni kahawa na kashata barazani, ambako mara nyingi mimi ndiye niliyewalipia wenzangu. Sasa sina cha kulipa, na nimeacha kwenda barazani, maana naona haya kunywa kikombe nilichonunuliwa na mtu ambaye jana mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia. Jioni zangu zimebaki kuwa za simu, na nikiiweka chini najihisi mtupu zaidi kuliko nilipoishika.

Nauliza kwa dhati: kuna mwenzetu aliyepata njia ya kufurahi bila kutumia fedha, si kupitisha wakati tu, bali moyo ukatulia na akajiona kuwa ana faida kwa watu?

Mzee wa Kibokoni:

Wa alaikum salaam, mwanangu. Pole kwa yaliyokufika.

Nianze na baraza, kwa kuwa ndipo ulipoumia. Baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba za Mji wa Kale ni mahali pa kumketisha mgeni na jirani, na muuza kahawa huja na dele lake kwa sababu amekuta watu wamekwisha kukaa. Si watu wanaokaa kwa ajili yake. Nilipostaafu kazi ya bandarini nami nilijificha hivyo hivyo, kwa karibu miezi minne, kwa haya kama hiyo yako. Kisha jirani yangu mmoja mwenye mtoto wa jicho akamtuma mjukuu wake aniite nikamsomee gazeti. Nilikwenda kwa heshima tu, nikidhani ni mara moja. Siku ya tatu nikakuta wasikilizaji watano. Tangu wakati huo, kila siku baada ya alasiri, nasoma, tunabishana, na daima yuko mmoja anayekumbuka jambo la zamani ambalo mwandishi wa gazeti hakulijua. Gazeti lenyewe ni la jana, tunapewa na mwenye duka. Ukiniuliza leo ni nani hulipa kahawa, sitaweza kukujibu, kwa sababu hakuna anayehesabu. Wenzako hawakukosa fedha zako, mwanangu. Wamekukosa wewe, na huenda wanadhani kwamba wewe ndiye uliyewakasirikia.

La pili ni bahari. Wengi wetu tumezaliwa kando yake na bado hatujui kesho maji yatakupwa saa ngapi. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huwa ni bamvua, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, na mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu. Hapa kwetu maji ya bamvua hupwa asubuhi, yapata saa nne au baadaye kidogo, nao ni wakati mwema kwa watoto. Wapeleke ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi siku kama hiyo, uwaonyeshe vidimbwi vilivyobaki mwambani: kiti cha pweza, yaani yule mnyama wa umbo la nyota, jongoo bahari, kaa, na samaki wadogo wanaosubiri maji yarudi. Wavae viatu, kwa sababu mwamba hukata, wasichukue kitu kilicho hai, na mgeuke mara tu maji yanapoanza kujaa. Mimi nimefanya hivi na wajukuu kwa miaka mingi, na sijapata kuona mwambao ule ule mara mbili.

Mengine unayajua mwenyewe. Kuketi chini ya mibuyu ya Mama Ngina na kutazama meli zikielekea Kilindini hakuna ada, na feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu.

Mwalimu wa Tudor:

Shikamoo, mzee wetu. Nawe kaka, pole sana.

Ulivyosema kuhusu raha za kununuliwa kumenikumbusha utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1978, ambapo washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois walilinganishwa na watu wa kawaida wa maeneo yao. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi, na tena walifurahia kwa kiasi kidogo mambo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kula kifungua kinywa. Utafiti mwingine mrefu zaidi, wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulianza mwaka 1938, na kwa jumla wanaume 724 wamefuatiliwa afya, kazi na ndoa zao hadi uzeeni, baadhi wakiwa wanafunzi wa chuo hicho na wengine wavulana wa mitaa ya kimaskini ya Boston. Robert Waldinger, mkurugenzi wake wa nne, ameeleza kwamba waliozeeka na afya na furaha ni wale waliokuwa na mahusiano mema na watu wao. Haki ni kuongeza kwamba wote hao walikuwa wanaume wa Marekani, kwa hivyo siwezi kumpimia bibi yangu kwa mizani yao. Lakini naona wamefika mahali ambapo mzee amefika kwa njia ya gazeti la jana.

Naomba niongeze jambo kuhusu kuwa na faida, kwa sababu ndilo hasa uliloliuliza. Kila Jumatano akina mama sita wa mtaani hukusanyika ukumbini kwangu, nami nawafundisha kusoma na kuandika ujumbe wa simu. Mmoja wao ana miaka 67. Ujumbe wake wa kwanza aliuandika kwa mwanawe aliyeko Maskati, na ulikuwa na maneno mawili tu: "Umekula, mwanangu?" Alipojibiwa alinipa simu nimsomee, kisha akaninyang'anya, akasoma mwenyewe. Hakuna nguo wala safari iliyowahi kunipa nilichokipata jioni ile.

Wewe, kaka, ni karani. Maisha yako yote umejaza fomu ambazo wengine zinawatisha. Jirani zako wanahangaika na maombi ya basari za watoto na marejesho ya kodi ya mapato, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni kila mwaka. Keti nao.

Kijana wa Likoni:

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini naomba tahadhari moja. Mimi ni kibarua wa siku. Siku niliyokosa kazi na nyumbani hakuna unga, bahari hainitulizi hata kidogo, na kumwambia mtu wa hali hiyo kwamba furaha haina bei ni kumwongezea mzigo. Kaka ameeleza kwamba chakula anacho. Wako wasomaji wengi wasio nacho, na kwao kupata kipato ndilo jambo la kwanza.

Pia, haya mambo ya bure yanapungua mbele ya macho yetu. Njia kadhaa nilizopita utotoni kwenda ufuoni sasa zimezibwa na kuta, na uwanja tuliochezea mpira umejengwa. Tukiyapenda, basi tuyatetee.

Juu ya simu, kaka, wewe waihesabu kuwa ni bure, lakini bando unalinunua, na jioni yako huirudishiwi. Sisi hapa hupanda mikoko katika matope ya upande wa Mtongwe. Mbegu zake huanguka kutoka mtini zikiwa zimekwisha kuchipua, kwa hivyo hazinunuliwi. Kinachotakiwa ni mikono.

Mkaazi wa Kisauni:

Nimerudi baada ya majuma mawili ili niwape habari, na niwashukuru.

Nilikwenda barazani. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mmoja alisogea tu, akaniachia pale pale pa pembeni nilipozoea kukaa. Kikombe cha kwanza kilinikwama kooni, sitawaficha. Cha pili nilikinywa nikizungumza. Siku ya pili muuza madafu wa mtaani alikuja na fomu ya basari ya binti yake, tukaijaza juu ya goti langu, na kesho yake wakaja wawili wengine.

Jumapili iliyopita maji yalikupwa saa nne kama mzee alivyosema. Mwanangu wa mwisho alichuchumaa mbele ya kiti cha pweza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitulia popote, kisha akauliza kama pweza ataona vibaya tukikitazama kiti chake.

Ndugu yangu wa Likoni, neno lako la unga nimelikubali. Hiyo mikoko mnapanda lini? Ningependa kuja na mwanangu mkubwa.

Kijana wa Likoni:

Jumamosi ya wiki ijayo, kaka, maji yakiwa yamekupwa. Vukeni na feri mapema, nitawangoja upande huu saa mbili. Mje na nguo za kubadili, kwa sababu matope yale hufika magotini.