Rasimu ya NF-104: ajali ya Yeager ipewe nafasi gani?

Rubani wa Kochi (Entebbe)
Wadau, nina rasimu ya makala ya NF-104 kwa ajili ya kamusi elezo ya mtandaoni ya Kiswahili. Kwa asiyeijua: ni ndege tatu za kivita aina ya F-104 za kampuni ya Lockheed zilizoongezewa injini ya roketi kwenye shina la mkia mwaka 1963, zikapelekwa kambi ya Edwards, California, kufundishia marubani wa jeshi waliotarajiwa kwenda anga za juu. Tatizo langu ni Chuck Yeager, rubani mashuhuri wa Marekani. Alianguka na mojawapo Desemba 10, 1963, na tangu hapo kila anayeiandika ndege hii huandika ajali. Naona ajali ipewe aya moja, kwingine tueleze ndege. Mnasemaje?

Mzee wa Teso
Nasema hapa Uganda tuna chuo cha urubani Soroti tangu 1971. Kilianzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikafa 1977, chuo hakikufa. Andikeni hicho kwanza. Edwards wana watu wao wa kuwaandikia.

Bint Jinja
Shikamoo mzee. Chuo kiko mlangoni kwako, simu unayo, mikono unayo. Si uandike?

Mzee wa Teso
Marahaba. Simu ninayo, bando ndilo sina. Serikali walitutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kuingia kwenye mitandao ya kijamii, 2021 wakaiondoa, wakatubandikia asilimia 12 juu ya data. Nijitolee kuelimisha taifa, halafu nilipie na kodi yake?

Mwalimu wa Bwera
Kodi ina uzi wake. Kuhusu swali: aya moja haitoshi. Yeager si ndiye aliyeweka rekodi ya kupaa juu kabisa na ndege hii? Utamfichaje?

Rubani wa Kochi (Entebbe)
Hapana, mwalimu. Rekodi ni ya Meja Robert Smith, futi 120,800, Desemba 6, siku nne kabla ya ajali. Mmeona? Hata mwalimu anamjua aliyeanguka, aliyefika hamjui.

Na utamu uko kwenye ufundi. Rubani anaikimbiza ndege hadi ikaribie mara mbili ya kasi ya sauti, anawasha roketi, ikishaipita kasi hiyo anainua pua. Ikipita futi 80,000 hivi, hewa haitoshi tena, injini ya jeti inapata joto kupita kiasi, anaizima kwa mkono wake. Ikizimwa, shinikizo la hewa chumbani nalo linakwenda, ndiyo maana walivaa zile suti za shinikizo. Huko juu mabawa hayana cha kushika. Ndege inageuzwa kwa vijiroketi vya peroksidi ya hidrojeni vilivyo puani na kwenye ncha za mabawa. Kisha lazima irudi pua chini, hewa iingie na kuizungusha injini, iwashwe tena. Ya Yeager pua iligoma kushuka, ndege ikaanza kujizungusha, injini haikuwaka, akaruka na kiti, akaungua uso. Yeye aliilaumu ndege, Smith akamlaumu yeye. Haya, hiyo si aya moja?

Nakku wa Kawempe
Mmh. "Shinikizo", "peroksidi"... nani huku atasoma? Kwetu Kiswahili ni cha kizuizini barabarani: toa kitambulisho, lala chini. Jjajja (bibi) wangu akisikia Kiswahili nje bado anaangalia mlango. Andikeni Luganda.

Kijana wa Arua
Kwetu kwa nani? Kampala si Uganda yote, nnyabo. Sokoni Arua Mlugbara, Mkakwa na Mkongo wanapunguziana bei ya vitunguu kwa Kiswahili na hakuna aliyeshika bunduki. Amin mlimchukia, sawa, msituchomee lugha kwa ajili yake.

Nakku wa Kawempe
Amin umemtaja wewe. Panda gari, ile misako ya askari ya kuwapakia watu kwenye magari, ilikuja baada yake, wakati wa Obote, na walioamrishwa kupanda walikuwa wajomba zangu. Usinifundishe.

Mwalimu wa Bwera
Jamani. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe shule za msingi na sekondari.

Bint Jinja
Baraza lilipitisha. Walimu wamepita wapi?

Mwalimu wa Bwera
Mmoja yuko hapa anakuandikia.

Kijana wa Arua
Nakku, pole kwa wajomba, hilo silibishi. Lakini ukiwaachia askari Kiswahili kiwe chao peke yao, jjajja ataangalia mlango mpaka lini?

Nakku wa Kawempe
Basi kiandikwe kibinadamu. Futi 120,800 ni nini? Mtoto wa P.7, darasa la saba, anasoma mita.

Mwalimu wa Bwera
Mita 36,800 na ushee. Kilele chetu cha Margherita hapa Rwenzori ni mita 5,109, kwa hiyo mara saba. Iwekwe aya ya kwanza kabisa.

Mzee wa Teso
Margherita imepanda ndege ya Marekani, Soroti bado iko getini.

Rubani wa Kochi (Entebbe)
Mita nimeweka. Mlima bado, mhariri yeyote atauliza chanzo cha hiyo "mara saba". Na kuna mtu ameingia kwenye rasimu akaitoa aya ya Yeager nzima. Nilisema ipunguzwe! Bila ajali makala haieleweki, hata ndege moja kati ya tatu haijulikani ilikwenda wapi. Ni mzee?

Mzee wa Teso
Mimi na Yeager hatuna ugomvi.

Nakku wa Kawempe
Ni mimi. Ilikuwa na "ambapo" tano. Nairudisha jioni, fupi.